Shahidi si Jasusi

Majuma machache yaliyopita nilikuwa katika ufuo wa Dunga, mjini Kisumu, asubuhi ambayo wavuvi waligundua kwamba injini ya mashua moja ilikuwa imeibwa usiku. Mama mmoja muuza samaki alininong'oneza kwamba aliwaona walioichukua. Nilipomshauri aende akawaeleze polisi, alitikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "unataka niitwe jasusi?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Waama, mama yule hakupungukiwa na ujasiri pekee. Alipungukiwa pia na jina la heshima la mtu asemaye aliyoyaona kwa macho yake.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa majina hayo. Jasusi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni kupapasa kwa mkono. Mpelelezi linatokana na kitenzi chetu cha Kibantu, kupeleleza. Mdukuzi, kabla ya kuhamishiwa kwa mtu avunjaye siri za kompyuta, alikuwa ni yule ategaye sikio kwa maneno yasiyomhusu. Kachero ni askari achunguzaye uhalifu. Mbeya naye ni mchukuzi wa umbeya, asiye na mwajiri ila ulimi wake.

Tofauti baina ya jasusi na shahidi yaweza kuonekana katika kisa ambacho kila mtoto wa nyanda za Kano amesimuliwa. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mikuki haikumdhuru, aliozwa binti wa maadui zake. Binti huyo aliingia nyumbani kwa jina la mke, akagundua kwamba nguvu za mumewe zilikuwa katika kivuli chake, akatoroka usiku kuwapasha habari watu wake. Huyo ni jasusi kamili: alificha alikotumwa, akaitumia imani aliyopewa. Kwao bila shaka aliitwa shujaa. Shahidi hafichi kitu. Husimama hadharani, akataja jina lake, akakubali kuulizwa maswali.

Yapo mambo mawili yaliyotuvurugia maana hizi. La kwanza ni la lugha yenyewe. Neno mpelelezi limebebeshwa mizigo miwili tangu zamani. Katika Biblia ya Kiswahili, watu waliotumwa na Yoshua kuingia Yeriko kwa siri ni wapelelezi. Na afisa atafutaye mwizi wa injini ni mpelelezi vilevile.

La pili ni la historia, nalo ni zito zaidi. Baada ya watu kupigwa risasi mjini Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969, chama cha KPU kilipigwa marufuku na Jaramogi Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Katika miaka ya 1980 wahadhiri na wanafunzi walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Katika nyakati kama hizo, aliyekuwa na habari za jirani yake alikuwa na silaha mkononi. Watu wakajifunza kunyamaza, na aghalabu hawakulaumika.

Lakini kimya kina gharama yake. Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na tarehe 16 ikatangazwa kwamba maiti yake imepatikana katika kilima cha Got Alila. Baadaye ilibainika kwamba kijana mchungaji alikuwa ameiona siku kadhaa kabla, na waliosikia habari hizo hawakwenda polisi. Serikali ilimwita mpelelezi John Troon wa Scotland Yard. Kisha ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, ambayo Rais Moi aliivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Mshtakiwa aliyefikishwa mahakamani aliachiliwa mwaka 1994. Hadi leo hapana aliyepatikana na hatia.

Sheria zetu za sasa zimekwisha kutenganisha kazi hizi. Idara ya Ujasusi, NIS, ina sheria yake. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, iko chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Na tangu mwaka 2006 tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi. Ni wajibu wa wanahabari, machifu na walimu kuzifuata tofauti hizo katika usemi wao. Ajenti wa siri aitwe jasusi, mchunguzi wa jinai aitwe mpelelezi au kachero, na aliyeona akasema aitwe shahidi.

Sidanganyiki kwamba istilahi peke yake itamlinda mtu. Iwapo raia atatoa habari kituoni asubuhi na jina lake liwafikie wezi kabla ya jua kutua, basi hakuna kamusi itakayomfaa. Polisi hawana budi kuitunza siri ya raia ili raia naye aamini kwamba kusema si kujiponza. Sisi wengine tuanze kwa lililo katika uwezo wetu: tuache kumtusi kwa jina la jasusi jirani aliyesema kweli. Mwenye mashua kule Dunga angali anamtafuta shahidi, na shahidi huyo anauza samaki hatua chache kutoka mahali injini ilipoibwa.