Mlango wa Kanisa na Hema la Maskini



Mji wetu wa Tabora ulikua kutokana na kambi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi wakatua mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Wapagazi hao hawakuwa bubu. Posho ilipopunguzwa, waliweza kukataa kuinua mizigo, wakagoma kambini mpaka wasikilizwe. Mwenye msafara aliona ukaidi. Wao walijua ni njaa.

Maskini anapogoma kuondoka mahali, tumwone vipi? Swali hilo liliwafika ndugu zetu Waanglikana wa London. Oktoba 15, 2011, watu waliochoshwa na pengo kati ya matajiri na maskini walikwenda kupiga kambi penye Soko la Hisa. Polisi walipowazuia, walisimika mahema nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Oktoba 21 kanisa lilifungwa kwa wiki nzima kwa sababu za usalama, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Kuu ya Pili. Kasisi Giles Fraser alijiuzulu, asikubali watu waondolewe kwa nguvu kwa jina la Kanisa. Februari 28, 2012, kambi ilivunjwa.

Tusiwahukumu upesi. Mwenye dhamana ya kanisa huwajibika kwa usalama wa waamini, na ibada haina budi kuendelea. Hata hivyo, yafaa tujiulize lipi latangulia: utaratibu wa uwanja wetu, au sababu iliyowalaza watu hao kwenye baridi?

Waanglikana wa Nairobi walikuwa wametoa jibu jingine. Akina mama waliokuwa na Wangari Maathai, wakiomba wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, walipigwa na polisi katika Uhuru Park Machi 3, 1992. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima.

Nasi tunao jirani wa namna hiyo. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi ya nchi yetu. Amri kama hiyo ikitoka tena, tunaziomba jumuiya ndogo ndogo ziende kwao kabla ya siku ya mwisho. Tukae nao penye meza zao. Tuwaulize wanalisha nani, wanadaiwa nini, wamepangiwa kuhamia wapi. Kisha tufuatane nao kwa viongozi, kwa heshima na bila woga.

Mtakatifu Yakobo atufundisha kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa ujira humfikia Mungu. Kisipite kwanza mlangoni petu bila kusikiwa.

Tumsifu Yesu Kristo!