Simu Si Pepo, na Wala Si Yaya

Mliokuwa ibadani Jumapili iliyopita mnajua ninachotaka kusema, na ambao hamkuwepo mmeshasimuliwa kwenye grupu, tena kwa chumvi. Mtoto wa miaka minne alikuwa benchi la nyuma na simu ya mamake, anacheza gemu ya herufi. Sauti ikatoka katikati ya maombi. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akamnyang'anya ile simu, akasema mbele ya kusanyiko lote kwamba gemu ni mlango wa mapepo, na mama anayempa mtoto simu amemkabidhi kwa adui. Yule dada akambeba mwanawe akatoka. Leo ni Alhamisi na bado hajapokea simu yangu.

Tangu siku hiyo jumbe zenu hazikatiki. Nusu yenu mnataka nitangaze madhabahuni kwamba gemu za watoto ni marufuku kwa kila mshirika. Nusu nyingine mnaniandikia, "Mchungaji, waambie wazee waache ushamba, hiyo ni elimu." Tangazo hilo sitatoa. Na ninyi wa "hiyo ni elimu", msishangilie bado, zamu yenu inakuja.

Naanza na mzee wangu, kwa heshima, maana ananizidi umri na wokovu. Baba, sisi ni watu wa Malindi. Shakahola kwetu si habari ya redioni, ni jirani. Mwaka 2023 tulikaa tukisikia hesabu ya miili ikipanda wiki baada ya wiki mpaka ikapita 400, na wengi walikuwa watoto. Kesi ziko mahakamani, simhukumu mtu hapa. Lakini walionusurika wameeleza jinsi watoto walivyotolewa shuleni kwa sababu wazazi waliambiwa elimu ile ni ya shetani. Sikufananishi na hao, baba, la hasha. Ila mtumishi yeyote wa pande hizi akisimama na kukiita kitu cha kusomea pepo kabla hajakitazama, mimi nywele zinanisimama. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Jumatatu nilikuuliza kama uliangalia kilichokuwa kwenye kioo. Ukaniambia kwa ukweli wako kwamba hukuangalia. Basi hukupima.

Na kama kuna anayedhani kioo hakiwezi kumfundisha mtoto wa kijijini, avuke mpaka hapo Tanga kwa jirani zetu. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700 katika vijiji kama 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kucheza, vikachajiwa kwa sola. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Waliogawana ushindi ni wawili, onebillion na Kitkit School, na kazi yao ikaachwa wazi kwa yeyote kuitumia. Wale watoto walikuwa wakubwa kuliko wa PP1, walikuwa wa miaka 7 hadi 10, kwa hiyo msinukuu vibaya. Lakini pepo gani huyo anayemfundisha mtoto wa Tanga kusoma?

Haya, sasa ninyi wa "hiyo ni elimu".

Gemu aliyokuwa akicheza yule mtoto naijua. Mjukuu wangu anayo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea, Jumamosi moja nikiandaa ujumbe wa kesho yake. Nilitaka kimya. Niliona picha ya herufi na neno linalosema ya kufundishia, nikamkabidhi simu, nikarudi kwenye mahubiri yangu juu ya malezi. Cheka ukitaka. Sikuifungua hata mara moja mpaka Jumatatu usiku, baada ya zogo hili.

Nikakaa nayo saa nzima. Herufi tatu, kisha tangazo. Herufi tatu, tangazo tena, na alama ya kulifunga ni ndogo kiasi kwamba mimi mwenye miwani niliikosa mara mbili. Nikajaribu kubonyeza majibu mabaya makusudi. Nyota zikamwagika vilevile, makofi yakapigwa vilevile. Halafu likaja gurudumu. Lizungushe upate sarafu! Sarafu zikiisha rudi kesho uzungushe tena. Ndugu zangu, hebu niambieni, hilo gurudumu mmeliona wapi? Nendeni kwenye steji za bodaboda mwone vijana wetu walivyoinamia simu, wakingoja kindege cha kamari kipande kabla hakijatoweka na pesa ya mafuta. Tunafunga na kuomba Mungu awatoe vijana kwenye kamari, na nyumbani tunamfundisha wa miaka minne kuzungusha gurudumu, kwa jina la elimu.

Wala si bahati mbaya ya gemu moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walichunguza programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka mitano kurudi chini. Asilimia 95 zilikuwa na matangazo ya aina fulani. Kwa hiyo ukiambiwa ni ya bure, uliza nani analipa. Mara nyingi analipa huyo aliyelala mapajani mwako, kwa macho yake. Na bando ni lako.

Kuna jambo jingine lililoniuma, na hili walimu wetu wa chekechea wamelilalamikia muda mrefu. Gemu ile inafundisha herufi kwa Kiingereza. Herufi E inaitamka kama I yetu. Herufi I inaitamka "ai". Sasa mtoto anayesikia Kigiriama nyumbani na kusomeshwa silabi za Kiswahili shuleni, akiona neno embe atasoma nini? Atasoma "imbe", mwalimu atamsahihisha, na yeye ana uhakika kwa sababu simu ilimpigia makofi. Tena I yenyewe ilichorewa nyumba ya barafu. Hapa Jilore! Mtoto anaona Sabaki kila siku, anajua mwembe, anajua mkorosho, anafundishwa barafu. Kiingereza atajifunza, wakati wake upo, lakini sauti za kwanza ziwe zile atakazosomea.

Mnaniuliza basi tuchague vipi. Sina orodha ndefu. Kabla mtoto hajaiona, icheze wewe, peke yako, nusu saa. Zima data kisha uifungue. Ikikataa kufanya kazi bila intaneti, kwa mtoto mdogo iache. Ikosee makusudi uone kama inakurudisha taratibu au inakusifu tu. Iweke chini dakika mbili usiiguse. Iliyo nzuri inangoja. Mbaya inakuita, inatetemeka, inalia kama mtoto mchanga. Na utafute mahali inapoishia, maana somo lina mwisho; kitu kisicho na mwisho kimetengenezwa kisikuachie. Khan Academy Kids ni ya bure na haina matangazo, ni ya shirika lisilotafuta faida, ila inasema Kiingereza, kwa hiyo herufi zake ziwe za baadaye. Wenye televisheni, kuna katuni ya Akili and Me ya Ubongo kutoka Tanzania, kwa wa miaka 3 hadi 6, kwa Kiswahili. Si gemu, ni kipindi, lakini mtoto anaimba na kujibu.

Hata ukipata iliyo njema, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: wa mwaka mmoja asipewe kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni afadhali. Saa moja, mama. Si kuanzia chai mpaka magharibi. Na saa hiyo keti naye. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi azungumze na watoto nyumbani na njiani, wakilala na wakiamka. Simu haina njia hiyo ya kwenda kisimani. Mtoto akihesabu korosho kumi kwenye ungo na wewe ukamla moja kimyakimya, atakugombeza kwamba zimebaki tisa. Hapo kajua kutoa, na hakuna tangazo lililopita.

Najua mtaniambia, "Mchungaji, wewe huna watoto watatu na kibarua cha kutwa." Ni kweli, na ndiyo maana simlaumu yule dada. Alitaka asikie neno la Mungu kwa nusu saa bila kuvutwa leso. Sisi kanisa hatuna mtu wa kukaa na watoto wadogo wakati wa ibada, tuna wakemeaji tu. Hilo kosa ni langu. Na siku ile nilikuwa na kipaza sauti mkononi nikanyamaza.

Jumapili hii, ibada ikiisha, nitakaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Mwenye mtoto wa PP1, PP2 au chini ya hapo alete simu yake, tufungue gemu zake moja moja na kuzicheza wenyewe. Mwalimu wetu wa chekechea atakuwepo. Mzee naye amekubali kuja, amesema atabeba miwani, na ana neno la kumwambia dada yetu mbele ya watu walewale.

Dada, kama unasoma hapa: kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto, kilibaki chini ya benchi. Nimekiweka ofisini.