Msitukatie wimbo huu vipande

Leo nina ugomvi na redio moja ya hapa mjini. Jina lake naliacha. Kila mangaribi wanapiga wimbo wa Pink Floyd, ule wenye watoto wa shule wanaoimba pamoja, na kila mara mtangazaji anacheka: "Mnasikia? Wazungu wenyewe wanasema shule haina kazi." Juzi kijana mmoja karibu na mahema alinirudishia maneno hayo hayo. Hajaingia darasani tangu familia yake ikimbie vita.

Wimbo ule, Another Brick in the Wall, uko katika vipande vitatu ndani ya albamu The Wall ya mwaka 1979. Redio inapiga cha pili tu. Melodi ile inaanza mapema zaidi, katika wimbo wa tatu wa albamu, polepole, gitaa likiwa chini chini, na pale mwalimu hatajwi kabisa. Ni habari ya mtoto ambaye baba yake alikwenda na hakurudi. Roger Waters aliyeutunga alikuwa na miezi mitano tu baba yake alipouawa vitani kule Anzio, Italia, Februari 1944. Na kabla ya hapo, wimbo wa kwanza unapoisha, inasikika ndege ya vita ikishuka, kisha mtoto mchanga analia. Niambieni, nani ataelewa mwanzo huo kuliko mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni? Ndicho kipande anachonyimwa.

Kipande cha pili kinaichukua melodi hiyo hiyo, kinaitia mapigo ya disko na sauti za watoto wa shule moja ya London. Wimbo mfupi ulioko kabla yake unaanza na helikopta (sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sauti hiyo) na unasimulia walimu waliowaumiza wanafunzi. Kwa hiyo ukali wake ni juu ya mwalimu anayemdharau mtoto. Mwaka 1980 wanafunzi weusi wa Afrika Kusini waliuimba wakigomea masomo duni waliyopewa na serikali ya ubaguzi, na serikali ikaupiga marufuku. Vijana wale walikuwa wanadai shule iliyo bora. Mtangazaji wetu ameugeuza kichwa chini.

Kipande cha tatu hakifiki hata dakika moja na nusu. Melodi inarudi kwa hasira, na yule mtoto sasa ni mtu mzima anayesema hahitaji mtu yeyote. Ukisikia hicho peke yake utasema ni jeuri. Ukiwa umesikia cha kwanza, unajua ni yule yule aliyeachwa bila baba.

Nilipomweleza, mtangazaji alinijibu kwamba kurudia melodi mara tatu ni uvivu wa kutunga. Wako wanaorudia kwa uvivu, sikatai, na hata The Wall yenyewe inanichosha kidogo kwenye diski ya pili. Lakini amwulize mzee yeyote aliyenunua diski ndogo za rumba enzi za Franco. Wimbo uligawanywa, mwanzo upande mmoja, mwendelezo upande wa pili, na mara nyingi sebene lilikuwa huko nyuma. Ungepiga upande mmoja tu kwenye baa, watu wangekufukuza. Tulijua kwamba wimbo unahitaji kugeuzwa.

Wengine wataniambia watu wa kambini wanahitaji unga na maji, si mambo ya rock. Unga, ndiyo, na hapa tunauandikia kila wiki. Ila redio ndogo ile ile inayosubiriwa kwa habari za usalama ndiyo inayomfundisha kijana kwamba shule ni upuuzi, na kwa kutumia wimbo wa yatima wa vita. Hilo ndilo linaniuma.

Upande wa kwanza wa albamu ni kama dakika ishirini. Matangazo ya biashara ya mangaribi yanachukua karibu hizo. Pigeni upande wote mara moja, bila kuzungumza juu yake, kisha fungueni simu na muwaache watu wa mahema waseme walichosikia. Albamu ninayo kwenye kadi ya simu. Nitaileta mwenyewe studio.