CHEREHANI YA USHIRIKA NA WANASESERE



Kuna wenzetu wanapita wakisema eti cherehani yetu isishonee wanasesere wa jinzi, kwani huo ni mchezo wa watoto. Mie sikubali. Jinzi ni pamba. Pamba ya nchi hii sehemu kubwa inapelekwa nje ikiwa marobota, halafu tunanunua mitumba, na suruali ikichanika magoti tunaifanya tambara la kudekia. Kumbe mguu mmoja tu unatoa mwili wa mwanasesere, na mfuko wa nyuma unakuwa mkoba wake!

Lakini na kina mama tuambiane ukweli. Wengine wanalipua kazi. Jinzi ifuliwe kwanza mpaka maji yaache kutoka buluu, la sivyo mtoto atanyonya rangi. Vifungo na vile vyuma vidogo vya pembeni mwa mifuko ving'olewe vyote, macho yatariziwe kwa uzi. Mtoto mdogo kila kitu anatia kinywani. Kifungo kikimkwama kooni, tutamwambia nini mzazi? Tena kitambaa hiki kinafumuka upesi, nafasi ya mshono iachwe upana wa kidole. Ndani tutie sufi, siyo vumbi la mbao.

Na bei je? Mchuuzi anataka kulipa bei ya tambara. Kitambaa tumeokota, sawa, ila kushona ni kutwa nzima jamani. Naomba mkutano utoe cherehani siku moja kwa wiki, na upange bei. Mchuuzi ataisikia kwa katibu.