Zamu ya Kumpeleka Mama Ocean Road

Wiki hii maneno yetu ni kwa nyumba zenye mgonjwa wa saratani, hususan kwa wale wanaomuuguza.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanza kujitegemea mwaka 1996 katika majengo yaliyoachwa na Wajerumani, haiko mbali na Kariakoo. Wapo wagonjwa wanaosafiri kutwa nzima kutoka mikoani ili kuifikia. Sisi tulio jirani tungetarajiwa tusikose hata siku moja, lakini sivyo ilivyo katika kila nyumba.

Tiba ya mionzi haitolewi kwa mkupuo. Kwa kawaida hugawanywa siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa, ili chembe za saratani zife na chembe zenye afya zipate muda wa kujijenga. Siku zikirukwa ovyo, saratani nayo hupata nafasi. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Wiki ya kwanza mama husindikizwa na ukoo mzima. Wiki ya tatu, uchovu umemzidi na ngozi inamuwaka, naye hupandishwa bajaji peke yake kwa sababu kila mtu yuko dukani.

Rai yetu ni kwamba ndugu wakae kikao kimoja, waandike zamu: nani atamsindikiza Jumatatu, nani Jumanne, nani atamshikia biashara yake, nani atampikia uji. Wanaume wasijitoe wakidhani kuuguza ni kazi ya wanawake. Panapohitajika sitara, binti aingie na mama ndani, kaka angoje nje.

Wenye zamu wajue pia haya. Alama zinazochorwa mwilini ni za kuulenga mionzi pale pale kila siku. Mgonjwa anapooga asizisugue, wala asipake mafuta au manukato mahali hapo kabla ya kuwauliza wahudumu. Anayepewa dawa za saratani kwa dripu hupungukiwa na kinga katika siku zinazofuata. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura: arejeshwe hospitali usiku huo huo, asipewe vidonge vya homa akaambiwa angoje kupambazuke. Na dawa yoyote ya miti shamba, hata ikisifiwa vipi na muuzaji, daktari aambiwe kabla haijanywewa.

Kumzuru mgonjwa ni jambo jema, ila kujazana chumbani kwake si wema. Mwenye mafua abaki kwake na atume salamu. Aliye mzima akija, afue nguo au achote maji, kisha aage mapema.

Katika ibada, dini imempa mgonjwa wepesi. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na saumu ina ruhusa yake. Tusimtazame kwa jicho la lawama anapokula mchana wa Ramadhani.

Dua zetu ziendelee. Lakini kesho asubuhi, kabla barabara hazijafunga, awepo mtu mlangoni aliyekwisha kuvaa viatu, anamsubiri mama.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.