FILAMU JUU YA VIRUNGA: WAMAMA WA VITSHUMBI WAKO WAPI?

Ndugu wakaaji wa Goma, Rutshuru, Lubero na Beni,

Juzi niliangalia tena filamu «Virunga» ya 2014, kwa kompyuta ya rafiki. (Nina diplome ya chuo kikuu na sina kazi, basi wakati wa kuangalia filamu haukosi.) Mama mdogo alikuwa pembeni. Yeye anauzisha samaki ya Vitshumbi kwenye soko. Alifuata sehemu za Kiswahili, mwishoni akauliza: «Kumbe kwa ile ziwa hakuna wanawake?»

Tuseme ukweli: ile filamu ilisaidia. Ilionyesha dunia kampuni ya Uingereza, SOCO, ikitafuta petroli ndani ya parki ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1979. Juni 2014 kampuni ikatangaza itaacha. Hatudharau hata kidogo.

Lakini hesabuni watu wanne wanaobeba hadithi. Emmanuel de Merode, Mbelgiji. Mélanie Gouby, Mfaransa. Halafu Wakongomani wawili, Rodrigue Katembo na André Bauma, wote wanaume, wote wafanyakazi wa parki. Katembo alifungwa na kuteswa 2013 juu ya kazi ile, tunamheshimu sana. Ila mvuvi wa Ziwa Edward anapita tu kwenye picha. Mama anayekausha samaki na kulipia watoto shule kwa feza ile, hayumo kati ya wale wanne. Gorila yatima, hao wana majina.

Mtaniuliza: shida iko wapi, kama petroli ilizuiwa? Shida ni hii. Mwaka 2022 serikali ilipoweka mnadani vipande 27 vya petroli, vingine vikiingia ndani ya Virunga, tulisikia hapa mjini watu wakisema: parki ni mambo ya wazungu na gorila zao, sisi tunataka kula. Tungejibu nini? Filamu inayojulikana zaidi inaonekana kama inawapa haki! Kama dunia ingekuwa imemsikia mama wa Vitshumbi akieleza atakula nini siku ziwa litachafuka, maneno yale yangekosa miguu. Mnada ulifutwa 2024, sawa. Petroli bado iko chini.

Kwa hiyo, ninyi mnaokuja na kamera: msituite tu kutafsiri na kubeba mizigo. Hiyo kazi tunaijua, sisi wenye diplome. Goma iko na vijana wanaojua kutengeneza filamu. Wape nafasi ya kuamua nani anaongea. Na filamu ikiisha, mbele ya London ionyeshwe Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, kwa Kiswahili.

Mama mdogo amesema yuko tayari kuongea. Mkuje asubuhi, mbele samaki iishe.