Mashauri ya Nyumbani: Kodi Katikati ya Mapatano



Juma hili twamjibu msomaji mmoja aliyeachiwa na kaka yake kazi ya kusimamia nyumba mjini. Chumba kimoja amepanga mjane mwenye watoto watatu. Mapatano ni ya mwaka mmoja, shilingi 40,000 kwa mwezi. Sasa, katika mwezi wa tano, kaka ameagiza: "Bei zimepanda. Alipe 60,000 au ahame." Msomaji auliza: "Nimtii kaka, au nimhurumie mjane?"

Ndugu yetu, hapa si jambo la huruma tu, ni jambo la haki. Soma kwanza ile karatasi ya mapatano. Hapa Tanzania mapatano ya watu wawili hayabadilishwi na mmoja peke yake. Kama karatasi haikusema kwamba kodi yaweza kupanda kabla ya mwaka kwisha, basi haipandi. Kaka hana uwezo huo, nawe uliyetumwa naye huwezi kumzidi aliyekutuma.

Mwandikie kaka kwa heshima, umweleze hivyo. Kwa miezi saba iliyobaki atakosa shilingi 140,000. Ni kweli, si fedha kidogo. Lakini umwulize: kama kodi za mjini zingeshuka, je, angempunguzia mjane? Zaburi ya 15 yamsifu mtu ashikaye neno lake hata likimtia hasara.

Mwaka ukiisha, kaka ana haki ya kutaka kodi mpya, kwani sheria ya zamani iliyozuia kodi kupanda iliondolewa mwaka 2005. Basi, mjulishe mjane mapema, kwa maandishi, miezi miwili au mitatu kabla, apate kukubali au kutafuta pengine. Kila alipapo mpe stakabadhi. Usijiongezee kitu chako juu ya kodi. Wala usimfungie mlango au kuezua bati ili ahame. Huo ni uonevu. Mkishindwa kupatana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002.

Naye mjane alipe kwa siku yake, maana karatasi yamfunga yeye pia.

Ahadi ni deni, ndugu zangu, hata kwa mwenye nyumba.